Kilo Ishirini Hadi kwa Bibi Hisae

Kengele ya lifti ya stesheni ya Sannomiya ilipolia kuwa mzigo umezidi, watu wote waliokuwa ndani walimtazama aliyeingia mwisho. Ndivyo desturi ilivyo: wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka, hata awe mwembamba kama njiti. Na huyo wa mwisho alikuwa mwembamba kweli, msichana mwenye gauni la kijivu lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ikasimama kama karatasi, koti jepesi mkononi, viatu vya ngozi visivyo na kisigino. Akainamisha kichwa kuomba radhi, akarudi nyuma, akatoka. Kengele ikaendelea kulia.

"Samahani jamani," sauti ikatokea nyuma kabisa. "Si yeye. Ni mimi."

Watu wakabanana ukutani kumpisha kijana mrefu aliyelowa jasho, suruali yake ina matope magotini, na mgongoni amebeba begi la kijani lililokaza kama gunia la mchele. Alipotoka tu kengele ikanyamaza, mlango ukajifunga, lifti ikaenda zake. Wakabaki wawili, na umati wa watu wa kazini ukiwapita huku na huku.

"Umebeba nini humo?" msichana akauliza. "Maiti?"

"Maji."

"Maji! Kwani kwenu mabomba yamekauka?"

"Ni mazoezi, dada. Asubuhi kabla ya kazi nazunguka nayo mlimani, halafu narudi nayo."

Msichana akamtazama juu mpaka chini. "Subiri kwanza nielewe. Unabeba mzigo kwa mazoezi, halafu unapanda lifti?"

Kijana akaona haya mpaka masikio yakawa mekundu. "Mimi ni fundi wa lifti. Mwenzangu alisema hii inakwaruza, nikasema niisikilize."

Hapo msichana alicheka, akaziba mdomo kwa mkono, akacheka tena. Kijana huyo, aliyeitwa Shunji Tabata, akajikuta naye anacheka, na hakumbuki kama lifti ile ilikwaruza au haikukwaruza.

"Liweke chini nilijaribu," msichana akasema.

"Utajiumiza mgongo."

"Nimesema liweke."

Akaliweka. Msichana akakunja mikono ya gauni, akachuchumaa katikati ya stesheni, akashika mikanda kwa mikono miwili, akavuta. Begi likainuka kidogo, likaanguka. Akavuta tena. Shunji alingoja acheke, lakini safari hii hakucheka. Alikuwa amelikodolea macho lile begi kama mtu mwenye njaa anavyotazama chakula kwenye kioo cha mkahawa.

"Naitwa Chizuru Kuwabara," akasema, bado amechuchumaa. "Nifundishe."

Alianza na chupa moja ya lita mbili. Shunji aliifunga kwenye taulo na kuiweka juu, karibu na mabega, maana mzigo ukikaa chini unamvuta mtu nyuma. Wakapanda njia ile inayoanza nyuma ya nyumba za mtaa wa Kitano, pale penye kibao cha kukataza watu kuwalisha nguruwe mwitu. Wiki iliyofuata chupa mbili. Kisha tatu. Chizuru alikuwa akifanya kazi ya kuchambua lulu hapo hapo Kitano, anakaa siku nzima kwenye dirisha la upande wa mlima, mbele yake kitambaa cheupe, anatenga lulu kwa rangi na mng'ao, vitu ambavyo ukivifumba kiganjani huhisi kama umeshika chochote. Jioni akitoka anavaa buti zake mpya, nywele anazifunga kwa utepe wa bluu, anampigia simu Shunji.

"Fundi, uko ghorofa ya ngapi?"

"Niko juu ya lifti, Lulu wangu, ndani ya shimo, mikono ina grisi."

"Teremka. Leo nataka chupa tano."

"Jana ulisema miguu inakuuma."

"Miguu ni yangu au yako?"

"Yako, mama. Yako yote miwili."

"Basi teremka."

Majani ya mlimani yalipoanza kuwa mekundu walikuwa wameshashikana mikono mbele za watu, jambo ambalo Shunji hakuwahi kulifanya na mtu yeyote. Kitu kimoja tu hakukizoea. Chizuru hakuruhusu mtu ampokee mzigo. Si mfuko wa mikate, si mkoba, hata mwavuli. Siku moja Shunji alinyoosha mkono apokee kifurushi cha keki tu, kidogo hivi, na Chizuru akakivuta kwa ghafla mpaka kikachanika. "Usinipokee kitu," akasema, na sura yake ilikuwa ya mtu mwingine. Baadaye akacheka, akamlisha keki iliyopondeka kwa kidole, wakasahau. Angalau Shunji alisahau.

Sasa, juu ya mlima ule, kwenye mgongo wake hasa, kuna nyumba ya chai ya Bibi Hisae. Gari haifiki. Mchele, mitungi ya gesi, sukari, maji ya kupikia, vyote vinapanda kwa migongo ya watu, na watu hao wanaitwa Watu wa Jumamosi. Hawalipwi. Wanakunywa chai ya tangawizi bure na kutaniana. Ukitaka kuwa mmoja wao sharti ni moja: ubebe kilo ishirini za maji kutoka chini mpaka kwa Bibi Hisae, kwa mgongo wako mwenyewe, na mmoja wa wazoefu akusindikize. Shunji alibeba mwaka uliopita. Chizuru alilitaka jambo hilo kuliko Shunji alivyowahi kumwona mtu akitaka kitu.

"Ukishindwa utajaribu mwakani," Shunji alimwambia.

"Sitashindwa. Na usiniambie mambo ya mwakani."

Siku moja kabla ya jaribio, jua likiwa bado halijazama, simu ya Shunji ikalia. Alikuwa mama yake Chizuru. Walikutana mara moja tu, kwenye duka la mikate, na mama akaomba namba yake kwa kisingizio cha lifti ya jengo lake.

"Baba, samahani kukusumbua. Ni kweli kesho Chizuru anabeba mzigo?"

"Ni kweli, mama. Ana nguvu, usiwe na wasiwasi."

Mama akashusha pumzi. "Hajakwambia."

"Hajaniambia nini?"

"Mwanangu alizaliwa na moyo wenye tundu. Alipasuliwa kifua akiwa na miaka minne. Mimi ndiye niliyebeba mkoba wake wa shule mpaka anamaliza sekondari. Hata chupa ya maji sikumwachia."

Shunji akakaa kwenye ngazi. "Daktari anasemaje?"

"Daktari anasema amepona, aishi kama watu wengine. Daktari hakumzaa." Sauti ya mama ikapasuka. "Mpunguzie, baba. Kidogo tu. Asijue. Akijua ataniua mimi kwanza."

Shunji ni mtu wa lifti. Kazi yake yote ni hiyo: kamba ikitiliwa shaka, unapunguza mzigo kwanza, maswali baadaye. Usiku huo hakuzungumza na mtu yeyote.

Asubuhi ilikuwa ya baridi na upepo ulikuwa ukishuka kutoka mlimani. Mzee Okubo, mkuu wa Watu wa Jumamosi, alikuwa ameshatundika mizani yake kwenye tawi chini ya mlima, amevaa kofia ya sufu iliyofumwa na mkewe yenye kishada kinachochekesha.

"Haya binti, lete." Akapima chupa kumi ndani ya mfuko wa kitambaa. "Ishirini. Sio chini, sio juu. Unauona huo mlima?"

"Nauona, mzee."

"Nao unakuona." Wazee wengine wawili wakacheka. Chizuru akacheka nao, akazipanga chupa begini mwake moja moja, akalivaa, akafunga mkanda wa kiuno. Alikuwa na sweta jekundu na suruali nyeusi, mashavu yamepata rangi. Shunji alimtazama kifuani, pale moyo ulipo, kisha akaona haya, akatazama pembeni.

Walipanda. Mwanzo Chizuru alikuwa akiongea, kisha akaacha. Shunji, aliyekuwa nyuma yake, alisikiliza pumzi zile kama anavyosikiliza mota. Zikienda haraka, na kifua chake mwenyewe kinakwenda haraka. Zikikatika kidogo, na yeye anaacha kuvuta hewa. Mara mbili alifungua mdomo aseme "pumzika", mara mbili akaufunga.

Kwenye kibanda cha nusu ya njia Chizuru alilitua begi kwenye benchi. Uso ulikuwa mweupe, midomo imekauka.

"Naenda msalani," akasema. "Usiliangushe begi langu."

Alipopotea nyuma ya kibanda, Shunji hakufikiri. Alifungua zipu, akatoa chupa mbili, akazisukuma ndani ya begi lake, na pale palipobaki pengo akakunja koti la mvua la Chizuru akalishindilia. Akatazama huku na huku kama mwizi. Chizuru aliporudi alimkuta ameketi anamenya chungwa.

Akavaa begi, akatembea hatua chache, akasimama.

Moyo wa Shunji ukasimama naye.

"Fundi!" Chizuru akageuka, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Unajua, najisikia mwepesi! Mwili wangu umekubali. Naapa, umekubali! Kila siku walikuwa wananiambia, nilikuwa…" Akakatisha. "Twende. Twende kabla haujabadili mawazo."

Akaanza kupanda akiimba chinichini. Na kila alivyozidi kufurahi ndivyo Shunji alivyozidi kuona chupa zile mbili zikimkata mabega kama zimekuwa mawe.

Hawakwenda mbali, wakakutana na mtu mmoja anashuka, mmoja wa Watu wa Jumamosi, begi lake tupu likimpiga mgongoni.

"Oho, binti wa jaribio! Unakwenda vizuri. Bibi Hisae anakungoja na mizani yake."

"Mizani?" Shunji akauliza. "Huko juu kuna mizani?"

"Ya mwaka huu. Yule jamaa wa kiangazi alimwaga maji njiani akafika anajisifu, hukusikia? Sasa wanapima chini na juu. Mzigo ukipungua, wewe ni mwizi wa mzigo, na mlima huu huubebei tena." Akacheka, akapungia mkono, akashuka zake.

"Vizuri," Chizuru akasema. "Sitaki kupita kwa maneno. Napenda wapime."

Shunji akaongeza mwendo kumfikia. "Lulu. Tupumzike kidogo."

"Hapana. Nimejiapiza. Silitui tena mpaka juu."

"Mkanda wako wa kushoto umelegea, nikurekebishie."

"Haujalegea."

"Zipu iko wazi."

Akaipapasa kwa mkono wake. "Imefungwa. Una nini wewe? Umechoka? Nikubebee chupa zako?" Akacheka kwa furaha, akamtania kwa maneno ambayo yeye mwenyewe ameambiwa maisha yake yote, na hakujua kuwa mbili kati ya hizo ni zake.

Mwambie, Shunji alijisemea. Mwambie sasa. Atakasirika, atazirudisha, atafika. Lakini kila akitazama mgongo ule mwembamba ndani ya sweta jekundu alisikia "tundu", akasikia "miaka minne", na maneno yakamkwama. Wakapita ule msonobari mkubwa. Wakapita ngazi za magogo. Paa la nyumba ya chai likaonekana, moshi unatoka. Bado alikuwa hajasema.

Bibi Hisae alikuwa mlangoni, aproni nyeupe, mikono kiunoni. Watu kama kumi walikuwa kwenye mabenchi na vikombe vyao, wakampigia makofi Chizuru. Naye alitua begi, akazitoa chupa huku anacheka na jasho likimwingia machoni, anazitia kwenye mfuko wa mizani. Akafika kwenye koti la mvua. Akalitoa. Akatazama ndani ya begi. Akalitikisa.

"Kumi na sita," Bibi Hisae akasoma. Makofi yakaisha.

"Haiwezekani," Chizuru akasema. "Bibi, pima tena."

"Mwanangu, mizani haina ugomvi na mtu."

"Sijamwaga! Sijafungua hata chupa moja! Muulize Shunji, tulikuwa pamoja njia nzima. Shunji, waambie!"

Mtu mmoja kwenye benchi akasema kwa sauti ya chini, lakini si chini vya kutosha, "Wote husema hivyo."

Shunji akatua begi lake, akafungua, akaziweka chupa mbili mezani. "Mimi nimezitoa. Kule kibandani. Yeye hajui."

Mmoja akapiga mluzi, mwingine akacheka. "Ah, mapenzi haya! Bibi, mpe kijana chai, amebeba mzigo wa wawili." Hata Bibi Hisae akatabasamu. Lakini Chizuru hakutabasamu. Alikuwa akimtazama Shunji tu.

"Kwa nini?"

"Twende pembeni nikwambie."

"Hapa hapa. Kwa nini?"

Na Shunji, kwa kuchanganyikiwa, kwa kutaka wasimcheke Chizuru, akasema neno ambalo angetoa kidole chake kulirudisha. "Kwa sababu ya moyo wako! Ulipasuliwa moyo, Chizuru, na hukuniambia! Ungekufa njiani ningemwambia nini mama yako?"

Sasa ndipo kicheko kilipokoma kweli. Nyuso zote kwenye mabenchi zikabadilika mara moja, zikawa laini, zikawa za huruma. Mwanamke mmoja akainuka akampisha Chizuru kiti. Bibi Hisae akafuta mikono kwenye aproni.

"Maskini mwanangu. Ungesema mapema. Kumi na sita yatosha, tunahesabu umepita. Keti, keti upumzike. Mtu ampokee begi."

Mikono mitatu ikanyooshwa kwa pamoja.

Chizuru akalikumbatia begi lake tupu. Akazibeba chupa nane moja baada ya nyingine, akazimimina kwenye tangi la Bibi Hisae mpaka tone la mwisho, wala hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kisha akainama mbele ya wote, chini kabisa, kama desturi inavyotaka. "Asante, Bibi. Sijapita," akasema. Akapita mbele ya Shunji, akasimama kidogo.

"Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu asiyejua," akamwambia taratibu. "Mmoja. Ulikuwa wewe."

Akashuka peke yake.

Shunji alipompigia, simu ililia ikaachwa. Ujumbe ukasomwa bila kujibiwa. Shunji alikwenda kusimama kwenye mtaa wa Kitano, upande wa mlima, akaona kupitia dirishani kichwa kimeinamia kitambaa cheupe, akaondoka bila kugonga, maana alijua akigonga ataanza kusema "lakini nilikuwa", na alikuwa ameshachoka na hilo "lakini" lake. Begi la kijani alilitundika msumarini. Kazini mwenzake alimwuliza kama anaumwa. Akasema ndiyo.

Desemba ilipoingia, taa za sikukuu zimewashwa mjini, mama yake Chizuru akapiga simu tena.

"Baba, nisaidie. Ameanza tena. Ananunua chupa za maji, anatoka asubuhi, hasemi. Wewe njia za mlimani unazijua. Mfuate kwa mbali. Asikuone. Akianguka…"

Shunji alikuwa kwenye shimo la lifti, tochi kichwani. Alifumba macho. Kila mfupa wake ulitaka kusema ndiyo. Angeweza kuwa mlimani kesho alfajiri. Angejificha vizuri.

"Hapana, mama."

"Nini?"

"Simfuati. Nikimfuata kwa siri nitakuwa nimemwibia tena. Mimi naogopa kama wewe, mama, hata kula sili vizuri. Lakini kama unataka kujua anaendeleaje, muulize mwenyewe. Ana mdomo."

Mama alikata simu. Shunji akabaki anaitazama ile simu, na alidhani sasa amewapoteza wote wawili, mama na binti.

Kesho yake wakati wa chakula cha mchana, ikalia. Alikuwa na tonge la wali mkononi, limefungwa mwani. Likaanguka.

"Umemwambia mama yangu nini?" Chizuru akauliza, bila salamu.

"Nilimwambia… akuulize mwenyewe."

"Amekuja kwangu anapiga kelele kwamba wewe ni mtu asiye na huruma. Amekaa jikoni analia. Halafu ameniuliza." Pumzi ikasikika. "Mara ya kwanza maisha yangu yote, Shunji. Ameniuliza, 'Ukibeba, kifua kinakuaje?' Nimemwambia kinakuaje. Tumeongea mpaka chai ikapoa."

Shunji akaikaza simu sikioni.

"Jumamosi narudia jaribio," Chizuru akasema. "Nimeomba kwa mzee Okubo, amekubali nisingoje mwakani, maana kosa halikuwa langu. Anataka msindikizaji anayejua njia. Wengine wote wananionea huruma, nikiwatazama tu naona wamenyoosha mikono. Utakuja. Begi tupu. Utatembea mbele, sio nyuma. Na hutageuka."

"Hata nikisikia…"

"Hutageuka mpaka niseme. Ukigeuka, basi, nenda zako na usirudi."

"Nitakuja."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Vaa kitu cha joto," akasema, na akakata.

Jumamosi ile mlima ulikuwa na umande ulioganda kwenye majani, ardhi inateleza. Mzee Okubo akapima, "Ishirini," na safari hii hakutania. Shunji akatangulia. Ajabu ya begi tupu ni kwamba lilimlemea kuliko lilivyowahi kumlemea. Hakuwa na kitu cha kufanya ila kusikia. Buti zake. Buti za Chizuru. Pumzi. Walifika kibandani, Chizuru akasema "Twende," wakapita bila kusimama.

Kwenye msonobari pumzi zikawa nzito. Kwenye ngazi za magogo zikaanza kuwa na sauti, kama mtu anayekatakata kuni nyevu. Shunji akauma ulimi. Shingo ilimkaza kwa kuizuia. Hatua, pumzi. Hatua, pumzi. Kisha kitu kikaanguka kwa kishindo, na pumzi zikakoma.

Akasimama. Macho aliyakaza kwenye gogo lililokuwa mbele yake, akaona kuvu wa kijani juu yake, kila uzi wa kuvu, mpaka leo anaweza kukuchorea.

"Chizuru?"

Hakuna.

"Chizuru, nigeuke?"

Upepo tu. Mahali fulani chini ndege akalia. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kuzunguka wenyewe, kisigino kimeinuka. Akakirudisha chini. Machozi yakamtoka. "Niambie neno moja," akasema, "neno lolote. Nitukane."

"Mjinga," sauti ikatoka, nyembamba, chini sana. "Nimejaa udongo mdomoni. Subiri niuteme."

Shunji akacheka huku analia.

"Nimeteleza. Niko magotini. Na hili begi, nikijaribu kuinuka linanirudisha." Akamsikia akijaribu. Akamsikia akishindwa. Akajaribu tena, na buti zikakwaruza tope. Shunji alisimama pale kama amepigiliwa misumari. Ndipo Chizuru akasema, "Geuka."

Akageuka. Alikuwa amepiga magoti katikati ya njia, tope mpaka kidevuni, nywele zimefunguka, na uso mwekundu, mwekundu wa mtu aliye hai. Shunji akashuka kwake kwa hatua mbili, akanyoosha mikono kwenye mikanda ya begi. Mikono ikasimama hewani kabla ya kugusa.

"Nikusaidieje?" akauliza.

Chizuru akamtazama kwa muda mrefu.

"Mkono," akasema. "Mkono tu. Begi libaki."

Akampa mkono. Chizuru akaushika kwa nguvu mpaka vidole vikauma, akaweka mguu mmoja, akapiga kelele kama mtu anayenyanyua jiwe la kusagia, akainuka na kilo zake zote ishirini mgongoni. Wakasimama uso kwa uso, wanahema. Kisha akamwachia.

"Tangulia."

Bibi Hisae alikuwa mlangoni tena. Mabenchi yalikuwa kimya, hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyenyoosha mkono, maana mzee Okubo alikuwa ameshawapigia simu na kuwaonya mmoja mmoja. Chizuru akazipanga chupa zote kumi. Mshale ukacheza, ukatulia.

"Ishirini," Bibi Hisae akasema. Akaikaribia mizani, akavaa miwani, akatazama tena ili mtu asije akasema amependelea. "Ishirini kamili. Na tope lake sijalihesabu. Karibu, Mtu wa Jumamosi."

Ndipo kelele zikalipuka. Chizuru akamimina maji yake kwenye tangi, akaja kuketi kwenye benchi la pembeni, Shunji akafuata na vikombe viwili vya chai ya tangawizi. Chini yao mji wote ulikuwa umelala mpaka baharini, meli nyeupe zimetulia bandarini.

"Kule nyuma," Chizuru akasema akipuliza chai, "nilipokuwa sijibu. Ulitaka kugeuka?"

"Kila hatua tangu tulipoanza."

"Na kesho?"

"Kesho pia. Na mwaka kesho, na tukizeeka. Sitaacha kuogopa, Chizuru. Usije ukakubali kuwa mke wangu ukidhani siku moja nitaacha."

"Mke wako? Nani ametaja mambo ya ndoa?"

Shunji akatazama chai yake, masikio mekundu. "Mimi. Limenitoka sasa hivi."

Chizuru akafungua zipu ya koti lake kwa joto, akajifuta shingo kwa taulo, na Shunji kwa mara ya kwanza akauona ule mstari mweupe wa kovu ukianzia chini ya koo. Watu walikuwa wakipita na sahani, na Chizuru hakujifunika.

"Nina sharti," akasema mwisho. "Ukiogopa, uniambie mimi kwanza. Si mama, si Bibi Hisae. Uniambie mimi kabla mkono wako haujagusa kitu changu."

"Basi nakwambia. Sasa hivi naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kwamba utasema hapana."

Chizuru akanywa chai mpaka ikabaki tangawizi chini ya kikombe. Akakiweka kando, akautwaa mkono wa Shunji, bado una tope alilompaka njiani.

"Hilo moja acha kuliogopa," akasema. "Mengine yabaki, tutayabeba."